Perege Ishirini Wasiokua

Watu walimwita Bi Shaka, na wala hawakumwonea. Ukimsalimu "habari za asubuhi," anakutazama kwanza, ajue una sababu gani ya kuzitaka. Alikuwa ameuza samaki miaka ishirini na saba, na biashara ya samaki, jamani, haimlei mtu mwepesi wa kuamini. Samaki amelala barafuni siku nne, jicho limezama, na aliyemleta anakuapia kwa mama yake mzazi kwamba kavuliwa leo alfajiri. Ukiamini mara mbili tu, huna biashara. Basi Bi Shaka hakuamini. Alibonyeza, akanusa, akafunua shavu, ndipo akafungua mdomo.

Ni kwa tabia hiyohiyo walimchagua kuingia kamati ya maji. Mgodi wa makaa ya mawe ulikuwa umefungwa miaka minne nyuma. Wenye mgodi walikuwa wameufyeka msitu wa bonde zima, wakachimba walichokitaka, wakaacha shimo la kutisha na milima ya kifusi cheusi. Kwa bahati sheria iliwashika shati: hakuna kuondoka mpaka ardhi irudi kuwa ardhi. Basi kifusi kikasawazishwa, kikafunikwa udongo, ikapandwa miche ya miti ya msituni kwa maelfu, na lile shimo likajaa maji likawa ziwa. Miti ilikuwa inakwenda vizuri. Hata Bi Shaka alikubali, baada ya kung'oa mche mmoja aone kama una mizizi kweli au umechomekwa tu.

Kazi ilikuwa kwenye maji. Mawe yanayotoka chini pamoja na makaa, yakinyeshewa, hutoa maji makali, machachu, yaliyobeba chuma na sumu nyingine. Ndiyo maana malori yalikuwa yakimwaga chokaa ziwani, kuupoza ule ukali, hadi mwaka mmoja na nusu uliopita walipoacha. Wakasema ziwa limepona, sasa linajitegemea.

Na sasa walitaka sahihi. Wajumbe sita wa kamati wakitia sahihi kwamba maji ni mazima, ziwa litafunguliwa kwenye mabomba ya mitaani, na wenye mgodi watakunja virago waende zao. Wakishaenda, nani atawarudisha? Watu wote wa mtaa, na watoto wao, watakunywa kile ambacho sahihi sita zimesema kinanyweka. Hilo ndilo lililomkosesha Bi Shaka usingizi.

Binti yake yeye alikosa usingizi kwa lingine. Bomba jipya lilikuwa limesimama mlangoni pake tangu mwezi uliopita, linang'aa, kavu kabisa.

"Mama, unangoja nini? Wenzako watano wameshakubali."

"Nangoja kujua."

"Kujua nini tena? Mimi na kitoto cha miezi miwili mgongoni nakipanda kile kilima mara tatu kwa siku kufuata maji. Mgongo huu si wangu tena."

"Heri mgongo ukuume wewe kuliko tumbo limuume mjukuu wangu."

"Haya mama. Wewe hata malaika akija kukuchukua, utamdai kitambulisho."

Bi Shaka hakucheka. Alichukua mtandio wake akaenda ziwani.

Shahidi mkubwa wa wenye mgodi alikuwa kizimba cha waya. Kilizamishwa kando ya gati dogo la mbao, mahali ambapo mfereji unaotoka kwenye kifusi cha mwisho kufunikwa unaingia ziwani, na ndani yake mlikuwa na samaki ishirini aina ya perege. Walikuwa wamekaa humo miaka mitatu, na hakuna aliyekufa. Mtaalamu wa maji, ambaye watu walimwita Bwana Vichupa kwa sababu ya sanduku lake la chupa ndogondogo, alikuja kila baada ya miezi mitatu. Alichota maji, akapima, akahesabu perege, akaandika ishirini, akaondoka. Kijana mpole, mwenye miwani na viatu visivyochafuka. Viatu visivyochafuka vilimtia Bi Shaka wasiwasi tangu siku ya kwanza.

Aliyewatunza perege alikuwa mdogo wake Bi Shaka wa kiume, kitinda mimba wa mama yao. Bi Shaka alimbeba mgongoni yeye mwenyewe, akamfundisha kutembea, akamkanya kula udongo. Mdogo huyo alikuwa amechunga mbuzi wa watu tangu utotoni, kisha akafuga kuku wa shule, na sifa yake ilikuwa moja: mnyama hakuwahi kupotea mkononi mwake. Alikuwa mwaminifu mpaka anaudhi. Kati ya watu wote wa bonde lile, ndiye peke yake ambaye Bi Shaka hakuwahi kumnusa.

"Dada, umekuja kuwasalimia wanangu?" akamwuliza, anacheka.

Bi Shaka alichuchumaa ukingoni mwa gati. Aliwatazama perege kwa muda mrefu. Aliwahi kuwaona miaka miwili nyuma, kamati ilipozinduliwa, na wakati ule walikuwa na urefu wa kiganja. Sasa? Kiganja. Wala si kiganja na kidole.

"Hawa mbona hawakui?"

"Watakulaje wakue, dada? Chakula chenyewe naletewa kiduchu."

Jibu hilo halikumtosha. Jioni alimkamata Bwana Vichupa kwa simu, naye akamjibu bila kusita: samaki wakibanwa kwenye kizimba kidogo hudumaa, ni jambo la kawaida. Akashukuru kwa swali. Bi Shaka akakata simu. Mtu wa kukushukuru kwa kumshuku! Huyo ana jambo.

Kesho yake akarudi. "Mdogo wangu, koo limenikauka. Nenda kantini ukaniletee chai, ya moto, na usiikimbize ikamwagika. Niachie kizimba wazi nimtazame mmoja." Mdogo mtu akafungua kufuli, akaenda, maana hajawahi kumkatalia dada yake kitu. Bi Shaka akaingiza mkono majini na kumtoa perege mmoja. Mdomo ulikuwa laini, safi. Hapo ndipo mwili ulipomsisimka. Samaki aliyeishi kwenye waya husugua pua yake hapo mchana na usiku; baada ya miezi miwili pua imechubuka, baada ya mwaka imeota sugu. Huyu eti kakaa miaka mitatu, na pua kama ya bibi harusi!

Akatoa mkasi mdogo kwenye mkoba. Zamani, pale sokoni, wauzaji saba walilaza samaki wao kwenye sanduku moja la barafu, na ili asubuhi pasitokee ngumi, kila mmoja alikuwa na namna yake ya kukata mkia. Alama ya Bi Shaka ilikuwa pengo dogo kwenye ncha ya juu. Watu waliiheshimu alama ile kuliko muhuri wa serikali. Aliwakata wote ishirini, upesi, mikono yake haijasahau kitu, na chai ilipofika alikuwa ameshajifuta kwa mtandio. Hakumwambia mdogo wake. Si kwamba alimshuku. Aliogopa tu kwamba yule hajui kusema uongo, na Bwana Vichupa akimwuliza atajibu.

Ikaja mvua ya siku mbili mfululizo. Siku ya nne baada ya mvua, Bwana Vichupa naye akaja na sanduku lake, kipimo cha mwisho kabla ya makabidhiano. Bi Shaka alimwona kwa mbali, ameinama pale gatini. Akasema peke yake: haya, fanya kazi yako, kijana, na mimi nimefanya yangu.

Asubuhi ya sahihi alifika ziwani kabla ya mtu yeyote isipokuwa mdogo wake, ambaye alikuwa anapiga pasi shati kwenye kibanda chake. Siku hiyo angepewa barua ya shukrani mbele ya watu. Akamfungulia dada yake kufuli, akarudi kwenye pasi. Bi Shaka alimshika perege wa kwanza. Mkia mzima. Wa pili, mzima. Aliwashika wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka mikono ikafa ganzi. Mikia ishirini, yote mizima.

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini hii haikuwa dalili tena. Samaki walikuwa wamebadilishwa. Na nani mwingine angefanya hivyo kama si yule mwenye viatu safi, anayetaka ziwa liitwe zima ili mabosi wake waondoke? Bi Shaka alipanda kwenda ofisini anatetemeka kwa hasira, na, tuseme ukweli, kwa furaha kidogo. Hakuna raha kama kushuku mwaka mzima halafu ukaja ukapatia.

Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu, viti vya plastiki, na ramani kubwa ukutani, ziwa limepakwa rangi ya samawati kuliko lilivyo. Karatasi ya sahihi ilikuwa katikati ya meza. Mwenyekiti wa kamati alikuwa ameshafungua kalamu. Bwana Vichupa alikaa kwa upande wa wenye mgodi, sanduku lake miguuni. Mdogo wake Bi Shaka alikaa karibu na mlango, shati limenyooka, mikono juu ya magoti.

"Kabla hamjaandika," Bi Shaka akasema, "nina neno."

"Tulijua," mwenyekiti akajibu, na chumba kizima kikacheka.

Hakuwaacha wacheke sana. Aliwaeleza kuhusu kimo, kuhusu pua, kuhusu mkasi. Alisema siku aliyokata na siku aliyokuta. Halafu akamnyooshea kidole Bwana Vichupa, mkono umenyooka kabisa. "Huyu hapa anatuletea samaki wapya kila wale wa zamani wanapokufa, ili sisi tuseme maji ni mazima. Mwizi! Anataka tuwanyweshe watoto wetu kile kinachoua samaki, halafu yeye yuko zake mjini na vichupa vyake!"

Bi Shaka alikuwa amewaona wengi walionaswa katika maisha yake. Walionaswa hupiga kelele, huapa, hukutukania mama yako. Kijana huyu hakufanya hivyo. Uso ulimpauka.

"Mikia yote ni mizima?" akauliza taratibu. "Yote ishirini?"

"Nimewashika kwa mikono hii."

"Na katikati ilinyesha."

"Siku mbili. Wewe ulikuwa wapi usiijue mvua?"

Bwana Vichupa alivua miwani. "Mama, mimi kizimba kile sijawahi kukifungua. Nawahesabu nikiwa nje ya waya. Mwenye ufunguo ni mmoja."

Macho yote yakageuka mlangoni. Na yeye, mama wa mashaka, aliyewahi kumnusa kila mtu, akajisikia anasema haraka haraka, "Basi kaibiwa ufunguo! Lazima kaibiwa, mdogo wangu analala usingizi mzito."

"Hakuna aliyeniibia, dada," mdogo wake akasema. Akasimama, akanyoosha shati. Hakuwa na hofu hata chembe. "Wale niliwaweka mimi. Sasa tatizo liko wapi?"

Akaendelea, kama mtu anayeulizwa jambo jepesi. "Wale wa kwanza walikufa. Ilinyesha siku tatu, nikaamka nikawakuta wanaelea, matumbo juu. Mtu kanipa mifugo yake ishirini, nimrudishie mizoga? Nikaenda kwa jamaa yangu mwenye mabwawa kule juu ya kilima, nikachukua ishirini wa kimo kilekile. Nikalipa. Ndivyo tulivyolelewa sisi wachungaji: mnyama akifa mkononi mwako, unamrudishia mwenyewe mwingine, humpelekei hadithi. Mbuzi nimelipa, kuku nimelipa." Akamgeukia Bwana Vichupa. "Bwana, hebu niambie. Kuna siku ulikuja ukakuta pungufu?"

"Hapana," Bwana Vichupa akasema. "Kila siku ishirini."

"Basi."

Akakaa, akiamini shauri limekwisha.

Bwana Vichupa alifunika uso kwa viganja, akaufunua. Alipozungumza hakumwambia mwenyekiti wala Bi Shaka, alimwambia yule aliyekaa mlangoni, kwa upole uliouma kuliko matusi. "Vichupa vyangu vinaniambia maji ya siku niliyokuja. Siku tisini hupita sipo. Niliwaweka samaki waniambie siku hizo. Ningekuta mmoja tu amekufa, chokaa isingesimama. Hawakuwekwa pale ili waishi, mzee wangu. Waliwekwa ili wakifa tujue."

"Hukuniambia."

"Nilikuambia uwalishe na uwahesabu."

"Ndiyo. Hukuniambia ni wa nini."

Bwana Vichupa akakubali. "Sikukuambia. Hilo ni langu." Akavuta daftari. "Umewabadilisha mara ngapi?"

"Mara kumi na moja."

"Unazikumbuka siku?"

Kumbe swali hilo lilimfurahisha. Mchungaji hasahau siku aliyopoteza mnyama. Akaanza kuzitaja kwa vidole: ile mvua iliyong'oa paa la zahanati, siku mbili baada ya sikukuu ya wapanda miche, ile iliyokata barabara. Bwana Vichupa aliandika, na yule, kwa kuona maneno yake yanaandikwa na msomi, akazidi kupata sauti. "Halafu siku ile mpwa wangu alipojifungua. Dada alinigombeza sijafika hospitali kumwona mtoto. Ningefikaje, nilikuwa njiani na ndoo."

Bi Shaka alikumbuka alivyomgombeza. Alitamani sakafu impasukie. Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, wakimaanisha adui. Hakuna aliyewahi kumfundisha la kufanya kama kilicho nguoni kinakupenda, na kimefanya kazi yake kwa uaminifu, na ni wewe uliyekitoa mbele ya watu kwa mkono wako mwenyewe.

Kwenye mara ya tisa sauti ya mdogo wake ilianza kupungua. Kwenye ya kumi akasimama katikati. Alitazama vidole vyake.

"Zote ni za mvua," akasema.

"Zote," Bwana Vichupa akajibu, bila kuinua kichwa. "Ni kile kifusi cha mwisho. Kinavuja kila inaponyesha sana, kisha ziwa linatulia, nami nakuja nakuta limetulia."

"Kwa hiyo wale wa kwanza... pale walipokufa, walikuwa wamefanya kazi yao."

Mwenyekiti alifunika kalamu, akaikunja ile karatasi mara mbili, akaiweka chini ya kiganja chake, kama mtu anayeogopa isipeperuke ikajitia sahihi. Akasema malori ya chokaa yarudi, kifusi kizibwe upya, na habari ya makabidhiano isizungumzwe mwaka huu wala ujao. Barua ya shukrani hakuna aliyeitaja. Mjumbe mmoja aliguna kwamba kuna watu wa kufungwa hapa, na Bi Shaka akamgeukia kwa jicho ambalo lilimfanya ameze maneno yake yote.

"Bwana," Bi Shaka akamwambia Bwana Vichupa. Neno lilikuwa zito kama gunia la chumvi. "Nimekuita mwizi. Nimekosa."

"Ungenyamaza, mama, tungesaini," akasema. "Nakushukuru." Safari hii Bi Shaka alimwamini, na haikumsaidia kitu.

Alasiri mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye vichwa vya miche. Bwana Vichupa, viatu vimejaa tope, alikuwa mdomoni mwa mfereji na sanduku lake, amesema atalala hapohapo apime kila saa. Bi Shaka alimkuta mdogo wake gatini, bado yumo kwenye lile shati la pasi. Perege walikuwa wanazunguka kwenye kizimba, wazima wa afya.

"Bwana!" mdogo mtu akaita. "Mvua hii si ya mchezo. Niwatoe?"

"Waache," sauti ikarudi. "Angalia tu, uniambie wa kwanza amekufa saa ngapi."

Akamgeukia dada yake. "Dada, mwambie. Wako hai hawa. Ndoo ninayo hapahapa."

Maisha yote alikuwa amemsemea. Kwa walimu, kwa wenye mbuzi, kwa wazazi wa mwanamke aliyemtaka. Sasa aliitazama ile ndoo. Alimfikiria binti yake akipanda kilima na maji kichwani na mtoto mgongoni, mwaka mwingine mzima.

"Waache, mdogo wangu."

Matone ya kwanza yakaanza kupiga maji. Mdogo wake alikaa chini kwenye mbao, akaisukuma ndoo mbali kwa mguu, lakini haikufika mbali sana.

"Basi nishike," akasema. "Nishike mkono, la sivyo nitawatoa."

Bi Shaka akakaa kando yake kwenye mbao zilizolowa, akamshika kifundo cha mkono kwa mikono yake miwili, akakaza.